Hans Berger: Aliyegundua mawimbi ya ubongo, akawapa kisogo wenye kifafa

MTOTO anapoanguka na kutetemeka darasani huko Shinyalu au Butere, Kaunti ya Kakamega, wapo wazazi wanaokimbilia kwanza kwa mganga au mwombezi. Wanaofika hospitalini huanzishiwa dawa kwa kutegemea maelezo ya walioshuhudia kisa. Wachache mno hupimwa umeme wa ubongo, kwani mashine za kazi hiyo na wataalamu wa kuzisoma wako zaidi Nairobi na katika miji mingine michache.

Hata hivyo, kipimo hicho, kijulikanacho kwa kifupi kama EEG, si kigeni katika uganga wa kisasa. Kimetimiza miaka 100, na aliyekianzisha ni daktari Mjerumani ambaye sifa zake zimeingia doa.

Hans Berger alizaliwa Mei 21, 1873 katika kijiji cha Neuses, karibu na mji wa Coburg. Babake alikuwa mganga mkuu wa hospitali ya magonjwa ya akili, na babu yake mzaa mama alikuwa mshairi mashuhuri, Friedrich Rückert. Kijana huyo hakuvutiwa na udaktari mwanzoni. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Jena akitamani kusomea elimu ya nyota, lakini baada ya muda mfupi akaacha masomo na kwenda kutumikia jeshi kwa mwaka mmoja.

Huko jeshini, farasi wake alimwangusha mbele ya gurudumu la gari la mzinga, akanusurika kifo chupuchupu. Jioni ya siku iyo hiyo alipokea simu ya maandishi kutoka kwa babake, akiulizwa hali yake. Dada yake, aliyekuwa mbali sana, alikuwa ameingiwa na hofu ya ghafla kwamba kaka yake yumo hatarini. Berger aliamini kwamba mawazo yake yalikuwa yamesafiri hadi kwa dada yake. Tangu siku hiyo alitaka kujua ni nguvu gani iliyomo ndani ya ubongo wa binadamu.

Alirejea Jena kusomea udaktari, na mnamo 1897 akaajiriwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya chuo hicho chini ya Otto Binswanger. Mnamo 1911 alimwoa Ursula von Bülow, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia akawa daktari wa magonjwa ya akili jeshini. Mnamo 1919 alirithi kiti cha Binswanger.

Mchana alikuwa mkurugenzi mkali aliyefuata ratiba bila kuteleza. Baada ya kazi alijifungia katika maabara yake ndogo, akifanya majaribio ambayo wenzake hawakuyafahamu. Tayari mnamo 1875, Mwingereza Richard Caton alikuwa ameeleza kuhusu umeme katika bongo za wanyama. Berger alitaka kuupata kwa binadamu.

Mnamo Julai 6, 1924 alifanikiwa. Kwa kutumia galvanomita, chombo cha kupima mikondo hafifu ya umeme, alinasa mitikisiko kutoka kwa kijana wa miaka 17 aliyekuwa amefunguliwa fuvu kwa upasuaji. Hakukimbilia kutangaza. Kwa miaka 5 alirudia majaribio hayo, mara nyingi akimpima mwanawe Klaus, akihofia kwamba alichokiona kilitokana na mapigo ya moyo au kutikisika kwa misuli. Makala yake ya kwanza ilichapishwa 1929. Ndiye aliyeyapa majina mawimbi ya alfa na beta yanayotajwa hadi leo.

Nabii hakubaliki kwao. Wengi nchini Ujerumani walimpuuza, hadi 1934 Edgar Adrian na B.H.C. Matthews wa Cambridge, Uingereza, waliporudia kipimo chake na kuthibitisha kwamba alisema kweli. Mwaka uliofuata, watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba mtoto anayezubaa kwa sekunde chache bila kuanguka huwa na mawimbi ya aina yake, yanayojirudia mara 3 kwa sekunde. Ugunduzi huo ungali na faida kubwa. Mwanafunzi wa aina hiyo huweza kuchapwa akidhaniwa mzembe, na baadhi ya dawa zinazotuliza vifafa vingine humzidishia ugonjwa.

Hapo ndipo maisha ya Berger yanapotia uchungu. Julai 1933, serikali ya Hitler ilipitisha sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu watu waliodaiwa kuwa na magonjwa ya kurithi, kifafa kikiwemo. Watu takriban 400,000 walifanyiwa ukatili huo. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba Berger aliuchukia utawala huo. Utafiti wa baadaye katika kumbukumbu rasmi ulibainisha kwamba alikuwa mwanachama mfadhili wa kikosi cha SS, na kwamba aliketi katika mahakama ya rufaa ya Jena iliyoamua kesi hizo.

Berger alistaafu 1938. Akiwa ameelemewa na sonona, alijitoa uhai Juni 1, 1941 akiwa na umri wa miaka 68.

Kipimo chake kimebaki, na kasoro zake zinajulikana. Mtu mwenye kifafa anaweza kupimwa na asionekane na dosari, kwa hiyo maelezo ya mgonjwa na jamaa zake hayana mbadala. Lakini pale kinapopatikana, humsaidia daktari kutambua aina ya kifafa na kuchagua dawa ifaayo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 kati yao wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi wao, hadi asilimia 70, wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo.

Juhudi za kukisogeza kipimo hicho karibu na wanyonge zipo. Nchini Bhutan, watafiti walijaribu kifaa kidogo kinachounganishwa na simu ya mkononi. Kilikosa visa vingi ambavyo mashine kubwa ilivinasa, ila kilipoonyesha dosari kiliaminika. Marekani nako kumebuniwa vibanio vinavyokaa kati ya mistari ya nywele zilizosukwa, kwani vifaa vya kawaida havishiki vyema kwenye nywele za Mwafrika.

Kwa Kakamega, kifaa peke yake hakitatosha bila mtu wa kukisoma na dawa zisizokatika katika zahanati. Historia ya Berger inaonya jambo jingine pia: chombo kinaweza kuyaona mawimbi ya ubongo wa mgonjwa, huku anayekishika akishindwa kuuona utu wake.