Shekhar Mehta: Bingwa wa Safari Rally aliyeonyesha kwamba kutangulia si kufika

KILA wapenzi wa magari ya kasi wanapokutana nchini, iwe ni Nairobi au katika gereji za Ukunda, Diani na Msambweni, mazungumzo hayachukui muda kabla ya kugeukia Safari Rally. Na Safari Rally ikishatajwa, jina la Shekhar Mehta haliko mbali.

Dereva huyo, aliyefariki jijini London mnamo Aprili 12, 2006 akiwa na umri wa miaka 60, alishinda mashindano hayo mara tano. Alianza mwaka wa 1973, kisha akatwaa ushindi mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Carl Tundo naye alifikisha ushindi wa tano mwaka wa 2018, wakati ambapo mashindano hayo hayakuwa tena sehemu ya ubingwa wa dunia. Lakini ushindi wa mara nne bila kukatizwa haujafikiwa na dereva mwingine yeyote.

Hata hivyo, Mehta hakumbukwi kwa idadi ya vikombe pekee. Maisha yake ni kisa cha mtu aliyepoteza nchi aliyozaliwa, akapata nyingine, akaipa heshima kubwa, na hatimaye akalipa kwa afya yake gharama ya mchezo alioupenda.

Mehta alizaliwa nchini Uganda mnamo Juni 20, 1945, katika familia yenye asili ya Kihindi iliyomiliki mashamba makubwa. Alianza kushindana akiwa na umri wa miaka 21, akiendesha gari aina ya BMW. Wakati huo mashindano ya Safari yalikuwa tayari na sifa ya kuvunja magari na kukatisha tamaa madereva. Yalikuwa yameanzishwa mwaka wa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na njia yake ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Tofauti na mashindano ya Ulaya, ambako madereva walikimbia vipande vifupi vya barabara iliyofungwa, Safari ilikuwa mwendo wa maelfu ya kilomita kwa siku kadhaa, usiku na mchana, katika barabara zilizotumiwa pia na mabasi, baiskeli, mifugo na wanyama wa porini. Tena yalifanyika wakati wa Pasaka, masika yakibisha hodi. Dereva aliweza kuondoka katika vumbi lililoziba macho asubuhi, na ifikapo jioni akawa amekwama katika udongo mweusi unaonata kama gundi.

Gari lililomtambulisha Mehta kwa ulimwengu lilikuwa Datsun 240Z. Hili lilikuwa gari la michezo hasa: milango miwili, viti viwili, boneti ndefu, injini ya silinda sita yenye ujazo wa lita 2.4, na nguvu zikipelekwa magurudumu ya nyuma. Kwa mtazamo wa kawaida, gari la namna hiyo lilifaa barabara laini ya lami kandokando ya bahari na wala si makorongo ya bara. Wajapani waliamua kulileta Afrika Mashariki kwa makusudi, wakijua kwamba gari lililostahimili Safari lingejiuza lenyewe.

Mwaka wa 1971, Edgar Herrmann alishinda kwa 240Z, na Mehta, akiwa na mwelekezi wake Mike Doughty, akamaliza wa pili katika gari la aina hiyo hiyo. Wengi walidhani zamu yake ingefika mwaka uliofuata, lakini 1972 ushindi ulikwenda kwa Hannu Mikkola wa Finland katika Ford Escort, dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari.

Pigo kubwa zaidi la mwaka huo halikutoka barabarani. Mnamo Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba watu wenye asili ya Asia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Maelfu ya familia ziliacha nyumba, maduka, viwanda na mashamba. Mehta alikuwa miongoni mwa walioondoka. Alihamia Kenya, na tangu hapo akashindana chini ya bendera ya Kenya.

Miezi michache baadaye, Aprili 1973, alikuwa tena kwenye mstari wa kuanzia. Safari hii mashindano yalikuwa na uzito mpya, kwa kuwa mwaka huo ndio ulioanzisha ubingwa wa dunia wa mbio za magari, na Safari iliwekwa miongoni mwa raundi zake. Mehta, akiongozwa na Lofty Drews, aliendesha 240Z. Mpinzani wake mkuu akawa Harry Källström wa Sweden, naye akiwa katika Datsun 1800 SSS.

Walipofika mwisho, wawili hao walikuwa sawa kabisa kwa pointi za adhabu. Waamuzi walilazimika kutumia kanuni ya kutenganisha waliofungana, yaani kutazama nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupoteza pointi. Mehta ndiye aliyekuwa na rekodi safi kwa umbali mrefu zaidi, na hivyo akatangazwa mshindi. Mtu aliyekuwa amefukuzwa alikozaliwa mwaka mmoja tu uliotangulia, sasa alikuwa dereva wa kwanza wa Kenya kushinda raundi ya ubingwa wa dunia.

Ushindi huo ulibeba somo ambalo wapenda magari hawajalisahau. Haukuamuliwa na mwendo wa kasi wa dakika za mwisho. Uliamuliwa na uangalifu wa saa za kwanza, pale ambapo wengi hudhani bado kuna muda wa kufidia makosa.

Baada ya hapo ilipita miaka sita ya kusubiri. Joginder Singh alishinda 1974 na 1976, na majina ya Ove Andersson, Björn Waldegård na Jean-Pierre Nicolas yakaandikwa katika orodha ya mabingwa. Mwaka wa 1979 Mehta alirejea kileleni, safari hii katika Datsun 160J na akiwa tena na Mike Doughty. Alimshinda Mikkola, aliyekuwa na Mercedes-Benz 450 SLC yenye injini ya lita tano.

Gari la Mehta lilikuwa na umbo la kawaida, karibu sawa na yale yaliyoegeshwa mbele ya ofisi na maduka ya miji yetu. Nguvu zake zilikuwa chache kuliko za wapinzani, lakini lilikuwa jepesi, imara na rahisi kutengenezwa njiani. Alishinda tena 1980, na katika miaka ya 1981 na 1982 akafanya hivyo kwa Violet GT. Mwaka wa 1982 aliyemaliza wa pili alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye baadaye mwaka huo alitawazwa bingwa wa dunia. Mehta mwenyewe alimaliza wa tano katika ubingwa wa dunia wa 1981, mwaka ambao pia alitwaa ubingwa wa Afrika.

Siri ya mafanikio hayo haikuwa uchawi. Magari ya Safari yaliinuliwa juu ya ardhi, springi na shokomzoba zikaimarishwa, na bamba la chuma likafungwa chini ya injini kuikinga na mawe. Njia ilipitiwa mapema na kila shimo, kona na kivuko kikaandikwa. Kisha dereva alipaswa kujua ni lini akanyage mafuta na ni lini aliachie gari lipumue. Mehta alijulikana kwa elimu hiyo ya pili. Aliendesha kwa namna ya kulifikisha gari mwisho, akiwaacha wenye pupa wajishinde wenyewe. Wahenga walikwisha kusema kwamba kutangulia si kufika.

Kwa wapenda magari wa Pwani ya Kusini, elimu hiyo ina matumizi ya kila siku, ingawa adui wa huku ni mwingine. Hapa gari haliuawi na udongo mweusi bali na chumvi. Upepo wa kusi na wa kaskazi hubeba unyevu wa bahari hadi kwenye kila uwazi wa bodi. Magari ya jamii ya 240Z yanajulikana kwa kuliwa na kutu kwenye sakafu, chini ya betri, kandokando ya matao ya magurudumu na kwenye reli za chini zinazobeba bodi. Mwenye gari la kale huko Diani au Msambweni hufaidika kwa kuliosha chini kwa maji baridi mara kwa mara, kuhakikisha matundu ya kutoa maji milangoni hayajaziba, na kupaka sehemu za ndani mafuta ya kuzuia kutu. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na bei ya bodi mpya huumiza kuliko bei ya ukuta.

Joto nalo lina mambo yake. Injini zenye kabureta, kama ile ya 240Z, zikizimwa zikiwa moto sana, petroli huweza kuchemka ndani ya kabureta na gari likakataa kuwaka. Tiba yake ni radieta safi, feni inayofanya kazi sawasawa, na subira ya kufungua boneti injini ipoe. Na anayeacha lami kuingia njia za mchanga zinazoelekea ufuoni hupunguza upepo wa tairi kidogo ili zisizame, kisha huurudisha kabla ya kushika tena barabara kuu ya kwenda Likoni au Lungalunga. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hupata joto kwenye lami na huweza kupasuka.

Somo kubwa zaidi ni la kutofautisha mashindano na matumizi ya barabara ya umma. Mehta alikimbia akiwa amevaa kofia ngumu, amefungwa mikanda, ndani ya gari lililowekewa vyuma vya kukinga kichwa, akiwa na mwelekezi aliyemsomea njia. Pamoja na yote hayo, mchezo huo ulimjeruhi vibaya.

Hayo yalitokea mwaka wa 1987 katika mashindano ya Pharaohs nchini Misri, mbio za jangwani ambazo alipata ajali mbaya. Alinusurika, lakini maisha yake ya udereva yakakoma hapo. Miaka kumi na minne tangu ushindi wake wa kwanza, mtu aliyejulikana kwa kulinda gari lake kuliko wengine wote alikuwa ameangushwa na barabara.

Mehta hakuupa mchezo kisogo. Aliingia katika uongozi, akapanda ngazi za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, na kuanzia 1997 aliongoza kamisheni inayosimamia ubingwa wa dunia wa mbio hizo. Mkewe Yvonne, ambaye aliwahi kuwa mwelekezi wake katika mashindano mengi, alibaki mwenzi wake katika safari hiyo nyingine pia.

Cheo hicho kilimweka mahali pagumu. Baada ya mwaka wa 2002, Safari Rally iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia kutokana na matatizo ya fedha na maandalizi. Bingwa mkubwa zaidi wa Safari alikuwa kiongozi wa kamisheni wakati mashindano yaliyomjenga yalipopoteza nafasi yake. Kwa mashabiki wa Kenya hilo lilikuwa donda, na halikupona katika uhai wake.

Mwaka wa 2003, nusu karne tangu Safari ianze, kulianzishwa mbio za magari ya kale zilizorudisha barabarani Datsun, Porsche na Ford Escort za enzi hizo. Mshindi wa kwanza alikuwa Rob Collinge katika Datsun 260Z, ndugu mdogo wa gari lililompa Mehta jina. Wakazi wa Pwani walizishuhudia mbio hizo zaidi ya mara moja, kwani mwaka wa 2011 Björn Waldegård alishinda huko Mombasa kwa Porsche 911 akiwa na umri wa miaka 68.

Mehta aliaga dunia miaka mitatu baada ya mbio hizo kuanza, kutokana na maradhi na matatizo ya mwilini yaliyohusishwa na majeraha ya Misri. Hakuiona siku ya Juni 2021 Safari iliporejea katika ubingwa wa dunia huko Naivasha, baada ya miaka 19.

Mashindano yaliyorejea si yale aliyoyajua. Sasa ni mafupi, hukimbiwa katika barabara zilizofungwa, na hayashuki tena Pwani kama zamani. Lakini kijana wa Msambweni anayelala chini ya Datsun iliyozeeka, tochi mkononi, akikwaruza kutu kabla haijatoboa sakafu, anafanya kazi ile ile iliyomfikisha Mehta mwisho mara tano mbele ya wenye magari yenye nguvu zaidi.