Wakili C.M.G. Argwings-Kodhek

Katika furaha ya yubilei hii sisi wanakwaya wa Asumbi tunamkumbuka mwana wa Gem, aliyezaliwa 1923. Alisomea sheria Uingereza, akawa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili wa mahakama kuu. Aliporudi, serikali ya kikoloni ikampa kazi kwa mshahara mdogo kuliko wa Mzungu wa cheo kile kile. Akaikataa, akafungua ofisi yake. Na mwenye familia anajua uzito wa kukataa mshahara! Wakati wa Hali ya Hatari aliwatetea washtakiwa wa Mau Mau, ambao wakishindwa kesi walingojewa na kitanzi. Alifariki Januari 1969, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje.