Maisha ya John Hunter, Daktari Aliyeugua Moyo

Wengi wetu tumesoma habari za Edward Jenner aliyetuletea chanjo ya ndui. Lakini mwalimu wake hatajwi sana, na habari zake ni za ajabu.

John Hunter alizaliwa mwezi wa Februari mwaka 1728 katika shamba la Long Calderwood, karibu na Glasgow, nchi ya Scotland. Alikuwa kitinda mimba wa watoto kumi. Shule hakuipenda hata kidogo. Yeye alipenda kuzungukazunguka mashambani akitazama sisimizi, nyuki na ndege, na kuwasumbua watu kwa maswali ambayo hawakuweza kuyajibu. (Wadogo zetu wa kidato cha kwanza wasifanye jambo hili kuwa kisingizio, maana baadaye aliwashinda wengi kwa bidii.) Alipokuwa kijana alikwenda Glasgow kumsaidia shemeji yake aliyekuwa seremala, kisha mwaka 1748 akaenda London kwa kaka yake William, aliyekuwa na shule ya kufundisha viungo vya mwili. Hapo ndipo mikono yake ilipopata kazi yake. Alipasua maiti kwa miaka mingi, akawa daktari wa jeshi katika vita vya Belle Île na Ureno, na mwaka 1768 akawa mpasuaji wa hospitali ya St George's. Mwaka 1776 aliteuliwa kuwa mmoja wa wapasuaji wa Mfalme George wa Tatu. Usiku alilala saa chache tu.

Basi mwaka 1773 alishikwa na maumivu makali ghafula. Alijitazama katika kioo akaona uso wa maiti. Alijishika mkono asisikie mapigo, akaona kwamba hata pumzi imesimama, ikambidi aivute kwa nguvu zake mwenyewe. Hali hiyo ilidumu kama dakika 45, na muda wote huo alikuwa akijichunguza kama vile anamchunguza mtu mwingine! Nadhani ni wachache ambao wangeweza kufanya hivyo.

Maumivu yalirudi mara nyingi katika miaka iliyofuata, hasa alipofanya kazi nzito au alipokasirika. Na hasira alikuwa nayo nyingi. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha kuelezwa na Daktari William Heberden mwaka 1768: kifua hubana mtu anapotembea, na akisimama maumivu huondoka. Lakini chanzo chake hakikujulikana.

Jenner alikuwa amekaa nyumbani kwa Hunter akijifunza tangu mwaka 1770 hata 1772, na walipendana sana. Siku moja, akipasua moyo wa mtu aliyekufa kwa ugonjwa huo, kisu chake kiligonga kitu kigumu chenye kukwaruza. Alitazama juu darini, akidhani lipu imeanguka. Kumbe ni mishipa inayoulisha moyo wenyewe, imekuwa migumu kama mfupa! Akatambua kwamba mwalimu wake anayo hali hiyo hiyo, na kwamba dawa haipo. Afanye nini? Aliandika barua kwa Heberden kueleza hofu yake, lakini Hunter hakumwambia neno, wala hakuchapisha alichokiona wakati mwalimu wake yu hai. Wengine watamlaumu, maana elimu ilichelewa kwa miaka mingi. Mimi simlaumu, kwa kuwa ukweli ule usingemponya mgonjwa.

Siku zile hapakuwa na njia ya kupima nani ataishi na nani atakufa. Hata mwaka 1967 huko Marekani, madaktari Killip na Kimball walipowagawa wagonjwa 250 wenye shambulio la moyo katika mafungu manne, walitumia hasa macho na masikio: je, mapafu yana maji, je, mwili umepoa na mapigo ya damu yameshuka? Katika fungu jepesi walikufa 6 kwa kila 100. Katika fungu zito, 81. Siku hizi matibabu ni bora zaidi, na madaktari huongeza umri, kasi ya mapigo, hali ya figo na vipimo vya damu, kisha hupiga hesabu.

Hunter hakuwa na hesabu hizo, lakini alijitabiria mwenyewe. Aliwaambia watu kwamba uhai wake umo mikononi mwa mhuni yeyote atakayependa kumkasirisha. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 16 Oktoba 1793 alikwenda katika mkutano wa wakubwa wa hospitali yake kuwatetea vijana wawili waliotaka kupokewa kuwa wanafunzi. Alipokuwa akisema, mtu mmoja alimpinga. Hunter alinyamaza, akatoka kwenda chumba cha pili, akaugua kwa sauti, akaanguka akafa. Alikuwa na miaka 65.

Aliacha karibu vitu 14,000 vya viungo vya watu na wanyama, ambavyo serikali ilivinunua mwaka 1799 kwa pauni 15,000. Mwili wake ulipasuliwa, kama yeye alivyopasua ya wengine. Mpasuaji alikuwa shemeji yake, Everard Home. Aliikuta mishipa ya moyo imekuwa mifupa, akamwandikia Jenner kumwambia kwamba alikuwa amesema kweli.