Robert Adler, mtu wa rimoti

Msikilizaji, swali hili limetujia kwa sura nyingi, kutoka Tunduma mjini hadi Mlowo na Vwawa. Deki ya zamani ipo, kanda ya harusi ya wazazi ipo, lakini rimoti ilishapotea na mashine haitii. Namna ya kuifufua tutaieleza. Kwanza tumfahamu mzee aliyehusika kutuletea rimoti, maana tatizo lako lina historia.

Robert Adler alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 4 Desemba 1913. Mwaka 1937 alipata shahada ya uzamivu ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Vienna. Mwaka uliofuata Ujerumani ya Hitler iliimeza Austria, na kwa kijana wa familia ya Kiyahudi hapakukalika tena. Akapitia Ubelgiji na Uingereza, akafika Marekani, na mwaka 1941 akaajiriwa kwenye kitengo cha utafiti cha kampuni ya Zenith, mjini Chicago. Wakati wa vita alishughulikia vifaa vya redio za ndege.

Mkuu wa Zenith, Eugene McDonald, aliyachukia matangazo ya biashara (na sisi wa redio tunaoishi kwa matangazo hayo tunamsamehe). Alitaka mtazamaji aweze kuyanyamazisha bila kuinuka kitini. Mwaka 1950 kampuni ikatoa rimoti yenye waya mrefu, watu wakawa wanajikwaa sebuleni. Mwaka 1955 mhandisi mwenzake Adler, Eugene Polley, akatengeneza rimoti ya kwanza isiyo na waya. Ilikuwa kama tochi: unamulika pembe moja ya televisheni, nayo inatii. Shida ikawa jua. Likipenya dirishani, chaneli zinabadilika zenyewe.

Wahandisi wakafikiria mawimbi ya redio, lakini hayo hupenya ukuta, ungeweza kumbadilishia jirani chaneli. Tena wauzaji walikataa betri. Waliogopa kwamba betri ikiisha, mteja ataamini televisheni yenyewe imekufa. Adler akapendekeza sauti, ila sauti kali sana ambayo sikio la binadamu halisikii. Ndani ya rimoti yake kulikuwa na vipande vinne vya aluminiamu vya urefu tofauti. Ukibonyeza kitufe, kinyundo kidogo kinagonga kimoja, na televisheni inatambua mlio ule ni wa kazi gani. Ilitoka mwaka 1956, haina betri hata moja. Upande wa televisheni ndiko kulikokuwa na gharama: valvu sita za ziada, zile taa za kioo za redio za zamani, na bei ikapanda kwa karibu asilimia 30.

Magazeti yalimwita Adler baba wa rimoti, jambo lililomuuma Polley maisha yake yote. Mwaka 1997 wote wawili walipewa tuzo ya Emmy kwa pamoja. Sisi tunaona Polley alikuwa na haki ya kulalamika: yeye ndiye aliyekata waya. Lakini ya Adler ndiyo iliyodumu. Njia ya sauti ilitumika kwa takriban miaka 25, mpaka mwanga wa infraredi ulipoipiku mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Hapo ndipo shida yako ilipoanzia. Televisheni za enzi ya Adler zilibaki na vitufe vyake, rimoti ilikuwa ya kuongezea tu. Baadaye watengenezaji walihamishia kazi nyingi kwenye rimoti. Huku Tanzania Bara, ambako televisheni ilianza kurusha mwaka 1994, wengi waliijua deki kabla ya kituo chochote. Kiwanda cha mwisho, cha Funai ya Japani, kiliacha kutengeneza deki Julai 2016, kwa hiyo rimoti mpya ya deki yako usiitarajie.

Kama rimoti ipo ila haifanyi kazi, elekeza taa yake kwenye kamera ya simu, bora ile ya mbele, kisha bonyeza. Ukiona mwanga wa zambarau au mweupe, rimoti inatuma, na kasoro huenda iko kwenye deki. Usipouona, toa betri, fungua, safisha chini ya vitufe kwa spiriti, na kwangua kutu kwenye chuma cha betri.

Kama haipo kabisa, jaribu rimoti ya deki nyingine ya kampuni ileile, mara nyingi hukubali. Au tafuta rimoti ya kujumuisha, lakini hakikisha ina sehemu ya VCR, maana nyingi ni za televisheni peke yake. Baadhi ya simu nazo zina taa ya infraredi juu. Picha ikichezacheza wakati kanda inaendelea, vitufe vya chaneli mbele ya deki nyingi huirekebisha. Kanda yenye ukungu usiiingize, itachafua kichwa cha deki. Na televisheni ya mgongo usiifungue mwenyewe, ndani hubaki umeme mkali hata ukishachomoa waya.

Adler alistaafu utumishi wa kudumu Zenith mwaka 1979 akiwa makamu wa rais na mkuu wa utafiti, lakini aliendelea kuwashauri hadi mwaka 1999. Alipata hataza zaidi ya 100, na kwa miaka mingi alichunguza mawimbi yanayosafiri juu ya uso wa kitu kigumu, elimu ambayo leo inatumika pia ndani ya simu za mkononi. Mkewe alisimulia kwamba nyumbani alipenda zaidi kusoma, televisheni aliitazama kwa nadra. Alifariki Boise, jimbo la Idaho, tarehe 15 Februari 2007, akiwa na umri wa miaka 93. Ombi lake la mwisho la hataza, kuhusu skrini za kugusa, lilikuwa limechapishwa wiki mbili kabla.