Daktari aliyetaka azikwe bila kuvuliwa nguo

Julai 1865, mjini London, alifariki daktari mstaafu wa jeshi la Uingereza aitwaye James Barry. Inasemekana aliusia asivuliwe nguo akifa. Wasia haukufuatwa. Mama aliyemwosha alitoka na habari kwamba maiti ile ni ya mwanamke, akamwendea tabibu aliyeandika cheti cha kifo akitaraji kulipwa ili anyamaze. Tabibu alimjibu kuwa hilo halimhusu. Kwenye cheti alikuwa ameshaandika mwanamume.

Barry alizaliwa Cork, Ireland, yapata 1789, akaitwa Margaret Ann Bulkley. Zama hizo mwanamke hakuingia chuo kikuu. Mwaka 1809 aliingia Edinburgh kwa jina la James Barry, akafuzu udaktari 1812, na mwaka uliofuata akawa jeshini.

Alifika Cape Town 1816. Huko alipigania maji safi na hali za wafungwa na wagonjwa wa ukoma, akigombana na wakubwa kila mara, maana hasira zake zilikuwa karibu. Mwaka 1826 alimpasua mama aliyeshindwa kujifungua, akamtoa mtoto, na wote wawili wakapona. Nusukaputi haikuwapo bado! Wazazi wakampa mtoto jina la James Barry. Baadaye alihudumu Mauritius, Jamaica, Malta na Canada, akapanda hadi mkaguzi mkuu wa hospitali. Hata Florence Nightingale alionja ukali wa ulimi wake.

Wako wasemao alivaa suruali kwa ajili ya kisomo tu. Mimi sikubali moja kwa moja. Kisomo alikimaliza 1812, akastaafu 1859, na bado akaendelea kuishi kama mwanamume hadi kufa, wakati hana tena cheo cha kukilinda. Waingereza mpaka leo wanavutana wamwandike kwa neno la kiume au la kike. Kiswahili chetu hakina dhiki hiyo. Tukisema yeye, imetosha.

Linalonikera ni yule mama. Kwetu mwosha maiti hufunzwa kusitiri ayaonayo, na akiona aibu huondoka nayo kifuani. Siku hizi hapa Pwani mtu hufanyiwa kinyume chake akiwa hai: kijana akionekana ana mwendo wa kike, picha yake imeshazunguka simuni kabla ya adhuhuri, na wanaoisambaza ndio wa kwanza kutaja dini. Mtu aweza kuikataa njia ya mwenziwe kwa imani yake, lakini kumvua nguo mbele ya watu hakumo katika imani hiyo.

Miezi miwili baada ya kifo cha Barry, Elizabeth Garrett alipata leseni ya udaktari huko huko London kwa jina lake la kike. Barry alizikwa Kensal Green. Jiwe la kaburi lina jina la Dkt. James Barry na cheo chake.