Selous na Mizani ya Bunduki

Wote, makao makuu ya Makueni, ni mji wa Wakamba, na Mkamba ni mtu wa uta tangu jadi. Hapa ninapoandika nakumbuka pembe walizozishusha Mombasa kwa misafara katika karne ya kumi na tisa. Ndovu aliangushwa kwa mshale mwembamba uliopakwa sumu, na uta wenyewe mtoto aweza kuubeba. Frederick Courteney Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza, somo hilo la wepesi alilipata kwa maumivu ya bega.

Alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Mwaka 1871, naye kijana wa miaka 19, alishuka Afrika ya Kusini. Mwaka uliofuata alimwomba Lobengula, mfalme wa Wandebele, ruhusa ya kuwinda ndovu. Mfalme akamcheka kwa ujana wake, kisha akamruhusu.

Katika nchi ya mbung'o farasi hawaishi, basi Selous aliwinda kwa miguu. Gobore lake halikutimia kilo 6, lakini risasi yake ilikuwa robo ratili, yaani gramu 113, na baruti aliimimina kwa mkono. Hapo ndipo penye shida. Bunduki nyepesi ikirusha risasi nzito, kishindo chote humrudia mpigaji. Siku moja gobore lilishindiliwa mara mbili, likamnyanyua na kumbwaga. Ndovu aliwapata, ila mwenyewe alikiri kwamba mishtuko ile iliidhuru shabaha yake maisha. Baadaye alishika bunduki zenye risasi ndogo na shabaha njema zaidi.

Ujuzi wake wa njia haukubaki kwa wanyama. Mwaka 1890 aliwaongoza watu wa Rhodes kuingia Mashonaland, na wenyeji wakapoteza nchi.

Mei 1915, akiwa na miaka 63, aliteremka Mombasa na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers kupigana na Wajerumani. Bunduki ya Kiingereza ya vita vile, Lee-Enfield, ilikuwa na uzito wa kilo 4 hivi, na risasi yake gramu 11 tu, sehemu ya kumi ya ile ya gobore. Hata hivyo ilifika mbali kuliko gobore. Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho karibu na mto Rufiji, Selous aliinua kichwa kuwatafuta walenga shabaha wa Kijerumani waliojificha. Risasi moja ikampata kichwani, na ajali yake ikatimia.

Majeshi hata leo yangali katika mizani hiyo. Barrett ya Marekani, ya milimita 12.7, hutoboa injini ya gari, lakini hupata kilo 14 hivi. Dragunov ya Urusi haifiki kilo 5, na askari hukimbia nayo, ila nguvu zake ni chache.

Nami nauliza: mzigo huo hubebwa na nani? Katika vita vile, risasi na vyakula vilichukuliwa vichwani na wapagazi wetu wa bara na pwani, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi. Selous ana kaburi Beho Beho, na tangu 1922 pori la akiba likaitwa kwa jina lake. Wapagazi wameachiwa jina la Kariakoo, na wengi wao hata kaburi halijulikani. Wahenga walisema kweli: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.