SHAABAN ROBERT: KARANI ALIYEJENGA NCHI HEWANI

Waliosema kuwa chanda chema huvikwa pete hawakukosea. Katika toleo la mwaka huu Chama chetu cha Kiswahili kinamvika pete marehemu Shaaban Robert, mtu ambaye jina lake tunalitaja kila siku darasani lakini maisha yake hatuyajui sana.

Tumemchagua kwa sababu moja. Hapa shuleni hakuna vitabu vinavyogombaniwa kama vile vya majini, wachawi na nchi za ajabu. Kitabu cha Harry Potter kikiingia bwenini leo, kesho kimeshachanika jalada kwa kupitishwa kutoka kitanda hadi kitanda. Basi wengi hudhani kwamba hadithi za namna hiyo ni mali ya Wazungu. La hasha! Mwaka 1951, kabla wazazi wetu wengi hawajazaliwa, mtu wa Tanga alikuwa tayari amechapisha kwa Kiswahili hadithi ya nchi inayoelea hewani.

KUZALIWA NA KAZI

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza nchi ikaangukia mikononi mwa Waingereza, na ni katika utawala huo aliposoma. Alikuwa shuleni Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, akapata cheti chake, na papo hapo akaingia kazini.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuandika vitabu. Alikuwa karani. Kuanzia 1926 hadi 1944 alifanya kazi ya forodha, Pangani na kwingineko. Kisha alihamia Idara ya Wanyama wa Pori mpaka 1946. Baadaye alirudi Tanga, akafanya kazi katika afisi ya serikali hadi 1952, halafu katika afisi ya upimaji ardhi hadi 1960. Hebu piga hesabu: ni miaka 34 ya kuandika hati za serikali, kuhesabu mizigo na kutii amri za wakubwa.

Vitabu vyake zaidi ya 20 aliviandika lini basi? Aliviandika nje ya saa za kazi, maana afisi ilikuwa na haki yake. Sisi wa Eneo la Viwanda tunalielewa jambo hili kuliko wengi. Tunawaona wazazi na majirani wakitoka zamu ya usiku kwenye viwanda vya nguo, vya mafuta ya kupikia na vya mananasi ya mkebe, nao bado wana shamba la kulima au duka la kufungua. Kumbe hata gwiji wa Kiswahili alikuwa mtu wa kibarua chake, na fasihi ilikuwa zamu yake ya pili!

ALIKOCHOTA HADITHI

Hakuna mtunzi anayechota mtungini patupu. Shaaban Robert alikuwa na visima kadhaa.

Kisima cha kwanza ni ngano za pwani, zile za wafalme, majini na safari za baharini. Cha pili ni hadithi za Alfu Lela Ulela, ambazo zilikuwa zimetafsiriwa kwa Kiswahili na kusomwa sana katika enzi za Waingereza. Ukisoma ADILI NA NDUGUZE, kilichotoka mwaka 1952, utaona ujamaa wa wazi na hadithi moja ya humo, inayosimulia habari za mtu aliyefanyiwa hiana na ndugu zake wawili. Cha tatu ni vitabu vya Kiingereza. Wahakiki wengi huitaja safari ya Gulliver, iliyoandikwa na Jonathan Swift, kila wanapozungumzia KUSADIKIKA. Alisoma pia mashairi ya Omar Khayyam katika tafsiri ya Kiingereza, naye akayageuza kuwa ya Kiswahili.

Kisima cha nne ni nyumbani kwake. Mkewe Amina alipofariki, alimlilia kwa shairi linalosomwa hadi leo. Binti yake Mwanjaa alimtungia utenzi wa mawaidha uitwao HATI, na mwanawe Hussein akamtungia ule uitwao ADILI. Huyu hakuwa mtu wa kutafuta maneno mbali. Msiba ulimwingia moyoni ukatoka shairi, na kulea watoto kukatoka utenzi.

NCHI ZA AJABU

Sasa tuingie utamu wenyewe. Katika ADILI NA NDUGUZE kuna liwali mwema ambaye kila usiku huwachapa viboko manyani wawili. Watu wanashangaa, mbona mtu mpole namna hii anafanya hivyo? Siri ni kwamba manyani hao ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu. Walimtupa baharini kwa wivu, na jini Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, ndiye aliyewageuza. Humo mna mji ambao wakazi wake wamegeuka mawe, mna wafalme wa majini, na mwisho kabisa mna msamaha.

KUSADIKIKA ni kali zaidi. Kijana Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria. Badala ya kulia na kuomba huruma, anasimama barazani na kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, kutafuta mambo ya kuifaa nchi. Kila mmoja aliporudi na mawazo mapya, zawadi yake ilikuwa kifungo. Mwishowe mfalme anaona aibu. Karama anaachiliwa, na wafungwa nao wanafunguliwa.

Tazameni majina hayo: Majivuno, Hasidi, Mwivu, Karama, Adili. Hii ndiyo iliyokuwa desturi yake. Jina la mhusika ni tabia yake, kwa hiyo msomaji anamjua mtu kabla hajafungua mdomo.

KWA NINI HEWANI?

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Karani wa serikali ya kikoloni hangeweza kusimama sokoni Tanga na kutangaza kwamba wakubwa wake wanawafunga wenye fikira. Angepoteza kazi, na pengine zaidi. Lakini nani atamshtaki mtu kwa kuisema vibaya nchi inayoelea mawinguni? Alijenga nchi isiyokuwapo ili aseme juu ya nchi iliyokuwapo. Aliyekuwa na masikio alisikia.

Kwa hiyo, jamani, hadithi ya ajabu si uongo mtupu. Tunapoandika insha za majini huwa tunakimbilia mwisho ule ule: nikashtuka, kumbe ilikuwa ndoto! Karama hakuamka ndotoni. Ilimbidi ashinde kesi yake kwa hoja, humo humo hewani. Ukiibuni nchi, iheshimu. Iwekee sheria zake, na taabu uliyoianzisha uimalize kwa akili ya wahusika wako.

Wako wanaomlaumu kwamba anahubiri mno, na kwamba wema wake ni wema kupita kiasi na wabaya wake hawana hata chembe ya utu. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Adili hana kasoro, na mtu asiye na kasoro ni vigumu kumpata hata huku Makongeni. Hata hivyo tukumbuke kwamba aliandika kwa nia ya kufunza, kama walivyofanya watenzi waliomtangulia, na alikuwa akiifungulia riwaya ya Kiswahili njia ambayo wengine walikuja kuipitia wakiwa na wahusika wenye damu zaidi.

MWISHO WAKE

Alipata heshima akiwa hai. Alitunukiwa tuzo ya ukumbusho wa Margaret Wrong na nishani ya MBE, na alikuwa mwanachama wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Lakini hakuyaona matunda yote. Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Yeye alifariki mwezi wa Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, na miezi sita tu ya uhuru.

Jambo la kusikitisha ni kwamba baadhi ya miswada yake ilikuwa bado haijachapishwa. KUFIKIRIKA, hadithi ya nchi nyingine ya kubuni ambako mtoto wa mfalme anaugua na watabiri wanataka kafara ya mjinga na mwerevu, ilitoka 1967. UTUBORA MKULIMA na SIKU YA WATENZI WOTE vilitoka 1968. Hata barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge, kuanzia 1931 hadi 1958, zilikuja kuwa kitabu mwaka 2002, miaka 40 baada ya yeye kuondoka. Fikirini: mtu anatoka kazini jioni, anaandika, anaweka, tena anaandika, bila hakika kwamba atakiona kitabu kikiwa na jalada. Na hakuacha.

Wenzangu, sisi pia tuna mahali pa kuanzia. Fourteen Falls iko hapo jirani, na sidhani kuna jini anayeweza kukataa kukaa nyuma ya maji yale. Kilimambogo inatutazama kila asubuhi isiyo na ukungu. Moshi wa viwandani unapanda juu, na juu ya moshi huo pana nafasi ya kutosha kujenga nchi. Mwenye kalamu na aijenge, na mhariri wa toleo lijalo anaingojea.

Mungu amlaze marehemu mahali pema peponi. Kiswahili hoyee!